Shoga, Ungeniambia Tu

Nilikuwa saluni moja huko Makorora, hapa Tanga, nimekaa kwenye kistuli kifupi, kichwa nusu kimeshasukwa rasta nusu nywele zimesimama zinasubiri zamu yake, pakiti mapajani nachambua rasta nampa msusi, ndo akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza kama umeme umerudi: "Kwani ulienda kwenye harusi ya yule shemeji yetu wa zamani?"

Shemeji wa zamani.

Huyo shemeji wa zamani usiku wake tu alikuwa kaniandikia lala salama mke wangu.

Nikauliza harusi ipi. Mikono ikasimama kichwani kwangu. Dada aliyekuwa kwenye draya akainamia simu yake ghafla kama vile kaitwa. Msusi akaanza aah labda nimemfananisha, sasa unamfananishaje mtu uliyemuona kavaa kanzu na joho kakaa jukwaani na bibi harusi pembeni? Nikamwambia nionyeshe. Akasita, akanionyesha. Ilikuwa status ya mtu, wameweka na kopakopa.

Na huwezi kutoka saluni na nusu kichwa, hilo hakuna aliyewahi kunifundisha. Unapata habari ya namna ile alafu unabaki palepale, unalaza shingo kulia, unalaza kushoto, unachambua rasta unatoa, unachambua unatoa, mpaka ncha zinachovywa kwenye maji ya moto. Nikalipa. Nikasema asante.

Ya yule bwana

Ya yule mwanaume sitayaandika sana, mnamjua, kama si yeye basi mnamjua mwenzake. Alikuja na kazi za mradi wa bomba la mafuta. Bomba lenyewe kilomita 1,443, linaanzia Hoima kule Uganda linakuja kuishia hapa kwetu Chongoleani, na kila kilomita nadhani ilituletea kijana mmoja mwenye mkataba, buti za kazi, na stori ya kwao ambayo hakuna mtu Tanga hii anaweza kuihakiki. Mji wetu una sifa yake ya zamani, waja leo waondoka leo. Huyu alikuja, akaenda Dar akaoa, Jumatatu akarudi kazini.

Nimemblok. Imeisha hiyo.

Kilichonikaa kooni wiki zote hizi si yeye. Ni kwamba walijua. Marafiki zangu watatu, wale watatu ambao kila mtu anatujua tukipita, walijua wote, kila mmoja kwa njia yake.

(Mitaa yao nimebadilisha. Mtatafuta bure.)

Baki 30,000

Wa kwanza ni rafiki yangu wa Chumbageni. Yeye nilimjua kwa skrinishoti. Kuna mtu, sijui kwa huruma au kwa umbea na wala sijali, kanitumia orodha ya michango kutoka kwenye grupu la ile harusi. Mnazijua hizo orodha, namba, jina, ahadi, kalipa kiasi gani, baki kiasi gani, alafu chini mweka hazina kaandika "ndugu zangu siku zimekwisha tukamilishe ahadi zetu, weka na ya kutolea." Namba kumi na kitu hivi, jina la shoga yangu. Ahadi 50,000. Kalipa 20,000. Baki 30,000.

Nikalitazama lile jina nikazima simu nikaiwasha nikalitazama tena.

Nilipompigia hata hakukana. Anafanya kazi ofisi moja na yule bwana. "Shoga, ofisi nzima ilichanga, ningekataa ningesema sababu gani?" Nikamwambia ungesema sababu ni mimi. Kimya. Alafu akasema, "Na wewe ungetaka ofisi nzima ijue?"

Hilo swali lilinikera kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake.

Wa pili ni wa Sahare. Yeye alimuona jamaa stendi ya Kange, anapokea mwanamke kwenye basi la Dar, muda ambao mimi najua kabisa yuko shifti. Akaniambia alidhani ni dada yake. Nikakaa kimya nikamuacha, maana huyu ukimuacha kimya anajisemea mwenyewe. Kweli, haikupita dakika: "Haya. Sikudhani dada yake. Dada mtu humbebei pochi."

Wa tatu, wa Mabawa, ndo aliyenimaliza. Nilienda kwake nimejiandaa kugombana, nimeshapanga maneno njia nzima kwenye bajaji. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema kwa upole, "Mi nilidhani unajua. Nilidhani umekubali uwe wa pili."

Nikakosa cha kujibu.

Kwa sababu si neno la kijinga, huku kwetu si la kijinga hata kidogo. Dini inaruhusu kwa masharti yake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaitambua ndoa ya wake wengi, na kuna wanawake mtaani kwetu wamekubali kwa macho makavu na wanaishi vizuri kuliko sisi tunaowasema. Yeye aliona nimetulia, nafurahi, sisemi kitu, akajumlisha. Akaona ni siri yangu nimeamua kuitunza na hataki kuwa yeye wa kuichokonoa. Yani kwa hesabu yake alikuwa ananisitiri.

Sasa unamkasirikiaje mtu aliyekuwa anakusitiri? Mi nilijaribu. Hasira inakuja inafika katikati inakosa pa kukanyaga.

Maisha yake hayo

Nimekaa na hili jambo nikaanza kukumbuka ni mara ngapi tumekaa sisi wanne tukimsema mtu mwingine kabisa, na mwisho wa mazungumzo lazima mmoja afunge kwa kusema "aah, maisha yake hayo, usiingilie mahusiano ya watu." Tumelisema sana hilo. Tumelifanya kama sheria. Na lina sababu, kila mmoja wetu ana kovu lake, au ana la dada yake: ulimwambia mtu ukweli saa mbili usiku, saa nne kamfikishia bwana neno kwa neno pamoja na jina lako, saa sita wamepatana, asubuhi wewe ndo mwenye wivu, umeblokiwa, na kwenye harusi yao huna kadi. Nani atarudia?

Alafu kuna suala la ushahidi. Siku hizi ukimwambia mtu nimemuona bwanako mahali, swali la kwanza ni "picha iko wapi?" Neno la rafiki peke yake halitoshi tena. Lazima uende na faili zima, skrinishoti, tarehe, saa, location, na ukishakuwa na faili unaulizwa ulikuwa unamfuatilia wa nini.

Ila tusidanganyane, kuna na kautamu. Kujua kitu ambacho mwenyewe hakijui kuna utamu wake na sote tumeuonja. Niligundua walikuwa na grupu lao bila mimi. Halikuwa la ubaya, walinionyesha, mle ndani wa Chumbageni na wa Sahare wamejadiliana kabisa nani aniambie, wa Mabawa kimya, wametumiana vile vikatuni vya kulia, wamepangiana, "wewe ndo mnaelewana zaidi", "hapana wewe una maneno mazuri", mpaka mada ikabadilika wakaanza kuulizana bei ya abaya. Nilisoma lile grupu juu mpaka chini. Sehemu ya abaya ndefu kuliko ya kwangu.

Kila grupu la watu wanne lina grupu la watatu ndani yake, na mi nilikuwa najua hilo, nimekaa mara nyingi kwenye hayo ya watatu. Kilichokuwa kigeni ni upande wa pili.

Bibi akaniharibia hoja

Hapo nikawa nimeshajijengea hoja yangu nzuri. Kwamba zamani watu waliambiana. Kwamba mwanaume akileta posa, wazee wanatuma mtu akamuulizie msikitini kwao, kwa majirani, kwa mwenye nyumba wake. Kwamba msichana alikuwa na somo wake, mtu mzima mwenye kibali cha kumwambia lolote na asichukiwe. Kwamba sisi tuliokulia mjini na simu tumevua vyote hivyo na hatujavaa kitu. Nikaenda Ngamiani kwa bibi nikiwa najua atakachosema, nataka tu anithibitishie nije niandike.

Bibi alikuwa anachambua mchele. Akanisikiliza. Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Somo wangu mimi? Mjukuu wangu, somo wangu alijua babu yako ana mke Pangani. Kanifundisha yote yule mama, kunyoosha kitanda, kumpokea mume, kila kitu. Hilo hakulitia mdomoni."

Nikauliza kwanini.

"Alitaka harusi ipite."

Basi. Hakuwa na uchungu wala nini, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mimi ndo nilibaki na uchungu wa mwaka ambao sijazaliwa.

Nikamuuliza alikuja kujuaje. Kwenye taarab, akasema. Enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, Tanga ikiwa ndo Tanga. Wamekaa wanawake kwa wanawake, wimbo umefika mahali, mama mmoja kainuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji, anakwenda polepole, anazunguka kote, na wakati wote huo hamuangalii mwimbaji, anamuangalia bibi. Bibi akauliza jirani yake yule ni nani. Jirani akamwambia, "Wewe nyamaza tu, sikiliza wimbo."

Alisikiliza wimbo, akarudi nyumbani akamuuliza babu. Babu akasema kweli. Waliishi mpaka kifo.

Kwa hiyo hata wakati ule hawakusema. Walizunguka. Waliimba, walivaa kanga, walimtunza mwimbaji huku wanakukazia macho, ila mtu wa kukaa na wewe akakwambia mumeo ana mke Pangani, hakuwepo.

Nikawa natafuta mahali popote ambapo kusema kumewekwa kama wajibu, mkaidi mimi, na mahali nilipopata ni kwenye sheria. Watu wakitaka kuoana wanatakiwa watoe taarifa siku 21 kabla, na taarifa inatangazwa, ili mwenye sababu ya kupinga ajitokeze. Wenzetu wa kanisani wanatangazwa Jumapili kwa Jumapili mbele ya watu wote kwa sababu hiyo hiyo. Yani waliotunga haya walijua kabisa kwamba kuna mtu anajua kitu. Wanampa muda. Wanamuomba.

Ila hizo siku 21 ni za wanaooana. Sisi wa lala salama mke wangu hatujabandikwa ubao wowote.

Kanga

Hii naiweka kwa sababu wenyewe wamecheka na mimi nimeshaanza kucheka.

Nimetoka kwa bibi usiku ule na kichwa kimejaa mafumbo, nikafungua kabati, nikakutana na doti ya kanga aliyonipa yule wa Mabawa siku yangu ya kuzaliwa. Sijawahi hata kuikata. Nikasoma jina lake pale chini: UMDHANIAYE NDIYE SIYE.

Mwili ukanisisimka. Nikakaa kitandani. Yani alinionya! Kanionya kwa kanga, kama wazee, na mimi nimeiweka kabatini chini ya mashuka! Nikampigia hapohapo, usiku, nalia kidogo niseme ukweli, namwambia shoga nisamehe, ulinionya nikawa sioni.

Akanyamaza. "Kanga gani?"

Nikamsomea.

"Hee. Ndo ilivyoandikwa? Mi nilipenda rangi. Si ulisema unapenda damu ya mzee."

Tulichokubaliana na wa Sahare

Huyu tulikutana Raskazone jioni, tumekaa na mihogo ya kukaanga na pweza na pilipili ya kutosha, na yeye ndo alileta wazo. Kasema kosa letu ni kwamba hatukuwahi kuulizana mapema. Kila mmoja alikuwa anakisia mwenzie angetaka nini. Tuulizane sasa hivi, kabla hakuna kitu, wakati hakuna mwanaume yeyote wa kutetea.

Akaniuliza, nikiona nikwambie au nikaushe?

Nikasema niambie.

Akasema na mimi niambie. Ila uje mwenyewe usiniandikie. Usiniletee skrinishoti, maana nitakwambia siitaki alafu nitaiomba usiku. Useme mara moja tu, ukirudia unanisimanga. Na nikikutukana siku hiyo, uondoke, alafu baada ya wiki rudi kama hukusikia.

Nikamuuliza, na kama nitaamua kukaa naye?

"Kaa naye. Nitakuja kula pilau kwako."

Sijui kama yanatekelezeka. Makubaliano ya mihogo ni rahisi, bahari iko mbele yako na upepo unapuliza. Ila nilirudi nyumbani nimepumua.

Na wa Chumbageni bado tunasalimiana kwa mbali. Sina kinyongo kikubwa, kitu kimoja tu kinanisumbua na naona aibu kumuuliza, kama alimalizia ile thelathini.

Alafu ikawa zamu yangu

Mwezi haujaisha, dada mmoja tunayefanya naye kazi dukani kanionyesha picha ya jamaa yake kwenye simu. Nzuri, kavaa miwani, kaegemea pikipiki. Mchumba wa rafiki yangu wa Mabawa. Mahari imeshapokelewa, watu tumeshakula.

Nikasema, ni mzuri.

Hebu fikiria. Nimeshaandika nusu ya hii makala wakati huo, nimeshapanga maneno makali kuhusu watu wanaonyamaza. Na kitu cha kwanza kilichonijia kichwani, cha kwanza kabisa kabla ya kingine chochote, ni: maisha yake hayo. Cha pili: labda kakubali wawe wawili. Hoja zao zote zikaja zimepanga foleni, na kila moja ilikuwa inaeleweka vizuri kabisa. Mchana ule nilikuwa nawaelewa watu wote duniani wasiosema.

Nilienda. Nilisema nisipoenda leo sitaenda tena. Nimefika mama yake yupo, kaniwekea chai na mkate wa kumimina, kaniuliza habari za bibi, habari za kazi, habari za bibi tena. Nilikula ule mkate vipande vitatu kwa kukosa la kufanya. Ilipoadhiniwa magharibi mama akaingia ndani kuswali, mwenzangu akawa anakunja nguo kitandani, ndo nikasema. Nilisema mara moja, bila skrinishoti, kama tulivyokubaliana na yule mwingine.

Hakusimamisha mikono. Akamaliza kukunja gauni, akaliweka juu ya mengine, akalipapasa.

"Najua."

Tangu lini?

"Tangu kabla ya mahari."

Nikamuuliza kwanini hukusema, si tupo sisi, ungetuambia.

"Ningewaambia mngesema niache." Akachukua nguo nyingine. "Nilikuwa nayajua peke yangu, nimeshajizoesha nayo. Sasa na wewe unajua. Nikikaa naye nitakuwa nakaa huku unaniangalia."

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ingekuwa rahisi.

Mama akatoka kuswali, akauliza mbona giza, akawasha taa. Tukaongea habari za ukumbi. Kweli, tulikaa pale tukaongea ukumbi, bei, kama wachukue wa kule mjini au wa karibu, na mimi nikatoa maoni yangu na maoni yangu yalikuwa mazuri.

Hii sehemu nimemsomea kabla sijaiweka. Kasema weka, ila mtaa badilisha, na kazi ya yule dada badilisha, na miwani toa. Miwani nimesahau, nimeiacha.

Juzi usiku nimeingizwa grupu la harusi. Watu wengi, salamu nyingi, picha yao wawili imewekwa juu. Mweka hazina akanitag, dada yetu mpendwa tunaomba ahadi yako. Nikaandika elfu hamsini. Asubuhi kabla sijafungua duka nikatuma yote, na ya kutolea.